Drocella na Miyenzi ya Mpakani

Drocella alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, alipoanza kumtunza Papa Nzabandora pale Lushebere. Ilikuwa Septemba 1951. Mzee alikuwa amerudi kutoka Walikale, alikofanya kazi miaka mingi kando ya mito ya msituni, na macho yake yalikuwa yamezimika kidogo kidogo hadi hakuona hata moto wa jikoni. Hakuwa na mtoto. Katekista ndiye aliyewapatanisha: Drocella angempikia, angemfulia na kumwongoza njiani, mzee naye angemwachia kipande cha shamba lake, mistari kumi na minane ya maharage kila msimu. Kwa mjane asiye na ardhi, kipande hicho kilikuwa ndicho chakula cha nyumba nzima.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameona wengine wakimvuta kipofu mkono kama wanaburuta mzigo, yeye alimpa mzee bega lake, akatembea nusu hatua mbele, akitaja njia: "Jiwe. Maji. Sasa tunapanda." Kanisani alimnong'onezea nani amevaa nini. Mzee aliusifu ugali wake mbele ya wageni, na wageni wakiondoka akausema vibaya. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Drocella, hata rangi ya ngombe usinidanganye. Mi siko na namna ya kujua."

Waliishi hivyo vizuri hadi Aprili 1954, maharage yakiwa kwenye maua.

Shamba la mzee lilipakana na la jirani yake, Damien. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa miyenzi, mimea ya vijiti vya kijani ambayo ukiivunja hutoa maziwa meupe yanayonata. Damien alikuwa Walikale akitafuta kazi tangu mwaka uliotangulia. Mkewe alilima karibu na nyumba tu, na upande wa mpakani ulikuwa umeota majani.

"Kesho uvunje matawi ya miyenzi," mzee akamwambia Drocella, "uipande hatua tatu ndani kwa Damien. Ile ya zamani uing'oe. Inashika upesi, mvua mbili tu."

"Papa, ile ni shamba ya Damien."

"Damien mwenyewe iko wapi? Shamba inalala tu."

"Muntu akilala, unamuvua shati?"

Mzee alicheka, kisha akakaza uso. "Mi siko na macho. Wewe njo mikono yangu. Mikono haiulizagi."

"Basi hii mikono inakataa."

"Nitatafuta mwingine. Na huyo mwingine njo atavuna maharage yako."

Drocella akaenda kuosha sufuria. Pale kwenye sufuria, alivyosimulia mwenyewe baadaye, aliona njia nyepesi: aseme amehamisha, asihamishe. Damien asingepoteza kitu, watoto wangekula, mzee angefurahi. Nani angemwonyesha? Lakini alijua kwamba kumdanganya kipofu kungekuwa rahisi mno siku ya kwanza, na siku ya pili rahisi zaidi.

Asubuhi alimpelekea uji, akangoja anywe kwanza.

"Papa, sikuhamisha miyenzi. Na sitahamisha. Na sitaambia muntu kama uliniomba."

Mzee aliweka kikombe chini. "Basi enda."

Akaenda.

Nafasi yake ilichukuliwa na Epiphanie, mpwa wa mzee, msichana mpole ambaye jibu lake lilikuwa "Ndiyo, Papa." Siku ileile aliambiwa ahamishe mpaka, na kabla ya saa sita mchana akasema tayari. Siku ya saba mzee alitaka kuugusa mpaka wake mpya. Akainama, akashika mmea wa kwanza. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono, gumu, lenye mizizi ya miaka. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

"Ulihamisha?"

"Ndiyo, Papa. Yote."

Mzee alibaki ameinama. Angekasirika vipi? Angemshtaki kwa nani, na angesema nini: kwamba binti hakwenda kumwibia jirani?

"Na ile shati nilivaa kanisani, hii hii, ilikuwa safi?"

"Safi sana, Papa."

Akapapasa kifuani, akakuta uji uliokauka.

Alasiri alimwamuru Epiphanie ampeleke kwa Drocella. Alifika akichechemea, maana binti hakuwa na desturi ya kutaja mawe.

"Mama Drocella, uko?"

"Niko, Papa. Karibu. Kuko jiwe mbele ya muguu wako."

"Hii njo jiwe ya kwanza naambiwa tangu wiki moja."

Alipewa kiti. Hakuomba msamaha, hakuwa na mazoea hayo.

"Mupaka iko palepale," alisema.

"Najua."

"Na maharage yako, banasema majani inaanza kuifunika."

Drocella alivuta pumzi. "Nitarudi, Papa. Lakini ukiniomba tena kitu ya vile, nitakataa tena."

"Nitaomba tena. Siku ingine roho yangu inakuwaga mubaya."

"Omba tu. Kukataa nayo ni kazi yangu."

Walikwenda shambani pamoja, mkono wa mzee ukiwa begani mwake. Magugu yalimfika Drocella vifundoni. Alipita mstari kwa mstari, na mzee akamngojea pembeni.

"Sema."

"Mistari kumi na sita iko muzima. Mbili ya mwisho, mbuzi imekula yote."

"Mbuzi ya nani?"

"Ya kwako, Papa. Ile nyeupe. Iko inatafuna hata sasa."

Mzee aliuma mdomo kidogo. "Ungeweza kusema ni ya Damien."

"Ningeweza."

Alicheka hadi akakohoa, akalitafuta bega lake, wakaenda kumfunga mbuzi.