Tabla Iliyopashwa Moto

Mimi ni mtu wa ndani. Si kwa uchamungu wala kwa maradhi, nimezoea tu. Nnashona kofia nyumbani, mahitaji mengi huletwa mlangoni, na yale yasiyoletwa nimegundua kuwa naweza kuishi bila ya hayo. Mdogo wangu wa kike ananiita Bwana Mwari, na kila akitoka hunikumbusha nisisahau kujisinga liwa, kama mwari anayesubiri harusi.

Yeye ni kinyume changu. Anapiga dramu. Tulipomaliza skuli, mimi nilishika sindano, yeye akaenda kujifunza muziki, akarudi na jazi kichwani na azma ya kuipeleka pale ambapo hakuna aliyeiomba iende. Alitaka jazi iingie katika midundo ya Kihindi ile iliyokuwa ikitoka kwenye redio ya mama yetu, mama ambaye aliimba nyimbo za filamu za Kihindi asubuhi nzima bila ya kujua neno hata moja. Basi akakusanya watu: wa saksafoni, wa fidla, wa gitaa la besi, na mvuvi mmoja wa pweza kutoka Uroa aliyekuwa akipiga ngoma ndogo za kidumbak kwenye maharusi ya shamba. Mazoezi yalifanywa katika ukumbi wetu wa chini, kwa sababu mlango wetu haufungwi. Mlinzi, yaani mimi, hatoki.

Ila tabla hakuwa nayo, na hakuna bendi ya namna ile bila ya tabla. Aliyekuwa nayo ni jirani wa mbele yetu, mzee wa Kihindi, fundi saa mstaafu, aliyezaliwa katika chumba kilekile alichokuwa akilala. Tabla ilikuwa ya baba yake. Nyumba ilikuwa imeshauzwa, na mwenyewe alikuwa anasubiri tiketi ya kwenda Maskati kuishi kwa binti yake. Mdogo wangu alikwenda kumbembeleza, nami nikafungua dirisha ili nisikose kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni zile kelele zenu, nshazisikia, ahsante."

"Tunakutaka uje uzitie adabu."

"Nyinyi watu wa jazi mnapotea njia makusudi, kisha mnasema ndio ufundi."

"Na nyinyi, mzee, mnahesabu mpaka mnasahau kuburudika."

Nikadhani atamfukuza. Badala yake akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Siku ya kwanza alipopiga, nilikuwa juu nnatia vitobo kwenye kofia ya mteja wa Mlandege, mtu asiyependa kucheleweshewa. Nikaiacha. Tabla ni ngoma mbili, na ile ndogo, yenye doa jeusi katikati ya ngozi, ilikuwa inalia kama kengele iliyozamishwa majini. Ile kubwa aliibinya kwa kiganja, ikaguna, kama mtu anayekuitikia naye hataki kusema. Kisha mdogo wangu akaingia na brashi za waya, taratibu, kama anayefagia uwanja wa mwenyewe. Nilishuka ngazi nikakaa kwenye kidato cha mwisho, na sindano bado iko mdomoni.

Mzee aliwafunza mzunguko wa mapigo kumi na sita. "Potea utakavyo," alimwambia mdogo wangu, "lakini pigo la kwanza likifika, uwepo." Na kabla ya kupiga kitu chochote alikitamka kwanza kwa mdomo, *dha, dhin, dhin, dha*, kila pigo na jina lake. Yule wa Uroa alikuwa akimtazama midomo kama anayetazama mtu anakula.

Onyesho lilipangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, baada ya alasiri, katika ua wa nyumba moja ya zamani huku Mkunazini. Mwezi ukishaandama ngoma zinanyamaza, na mzee alikuwa anaondoka kabla ya Idi. Ilikuwa siku hiyo au basi. Hakuwahi kupiga mbele ya watu tangu mkewe alipofariki. Mdogo wangu hakulala vizuri wiki nzima, na mimi sikulala kwa sababu yeye alikuwa anapigapiga ukuta kwa vidole.

Ijumaa jioni mzee alituletea tabla tumuwekee, ili asubuhi asihangaike nayo. Usiku ikanyesha mvua isiyokuwa na msimu. Asubuhi nyumba nzima ilikuwa imeloa hewa, na ngozi za ngoma zote zililegea.

Yule wa Uroa alifika mapema. Akanikuta uani nnaepua kahawa kwenye seredani ya makaa.

"Bwana Mwari, hujambo? Makaa yako yamekolea."

"Yatumie. Kahawa nshaitoa."

Nikapanda juu kutafuta kikombe. Akazipasha ngoma zake mbili moto, moja baada ya moja, akizigonga mpaka zikakaza, kama wanavyofanya wapiga ngoma wote wa kisiwa hiki. Halafu akaona tabla imekaa pembeni, imelegea, mwenyewe hayupo. Naye ni mtu mwema.

Niliposhuka alikuwa ameishika ile ndogo mikononi. Lile doa jeusi ni ukoko wa unga na vumbi la chuma, na ndilo linaloipa ile sauti ya kengele. Halipendi moto. Lilikuwa limepasuka kama tope lililokaukiwa na maji, na vipande vimeangukia jivuni.

"Nliiona imelegea," alisema.

Mdogo wangu alikuja, akaitazama, akakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji.

Mzee aliitwa. Alichutama mbele ya seredani, akaviokota vile vipande kimoja kimoja kwenye kiganja.

"Umeipasha?"

"Nimeipasha, mzee."

"Ikaliaje?"

"Haikulia."

"Haiwezi." Akaigonga kwa kidole. Ikatoa sauti ya mlango wa kabati. Akavifunga vipande katika leso, akaichukua tabla yake, akavuka njia, akafunga mlango.

Alasiri ikaswaliwa. Nilitoka nyumbani kwenda Mkunazini, safari ambayo mtoto huimaliza kwa pumzi moja, mimi niliifanya na chupa ya maji. Ua ulikuwa umejaa. Mdogo wangu alikuwa kwenye dramu zake, na kulia kwake mkeka uliotandikwa hauna mtu. Yule wa Uroa alikuwa amekaa nyuma kabisa, kama aliyekuja kuazima.

Wakaanza bila ya tabla. Ilikuwa nzuri, watu walipiga makofi, lakini mimi niliyesikiliza kwenye kidato nilijua kinachokosekana.

Mara mzee akaingia, shati limepigwa pasi, mikono mitupu. Hakwenda kwenye mkeka. Akapita hadi nyuma, akaketi ubavuni mwa yule wa Uroa.

"Mkono wako unasikia?"

"Masikio ndiyo yanayosikia, mzee. Mkono unatii."

"Haya, utii."

Akafumba macho, akasema: *dha, dhin, dhin, dha.* Yule wa Uroa akajibu kwa ngoma zake ndogo, kwa lafudhi yake ya shamba. Mzee akaongeza. Akajibiwa. Akatoa mstari mrefu, maneno yanaporomoka kama shanga zilizokatikiwa na uzi, na mikono ya mvuvi wa pweza ikaziokota zote, haikuacha hata moja. Saksafoni ikanyamaza yenyewe. Mdogo wangu akaingia chini yao na brashi, akapotea, akapotea kweli, mpaka nikakamata goti la jirani yangu nisiyemjua. Mzee akanyanyua kidole. Na pigo la kwanza lilipofika, wote watatu walikuwepo: mdomo, ngozi na brashi.

Nlisimama, mimi nisiyesimama hata nikiitwa kula. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa analia huku anacheka, akisema, "Hebu msikilize, ngoma iko kinywani."

Siku ya pili yake mwezi ukaandama. Dramu zikafunikwa shuka. Lakini kila baada ya alasiri yule wa Uroa alikuja mjini, na mzee akavuka njia, wakakaa ukumbini kwetu bila ya ngoma, wakisemezana mapigo kwa midomo mikavu ya saumu, sauti ya chini kama watu wanaoambiana siri, hadi karibu na adhana. Mdogo wangu akawaita mabubu wenye maneno mengi. Mimi nilishusha kofia zangu chini nikashona karibu yao, nikajidunga vidole mara nyingi kuliko wakati wowote, maana kila pigo la kwanza likija nilikuwa natikisa kichwa.

Mzee aliondoka wiki ya mwisho ya Ramadhani. Tulimsindikiza hadi kwenye gari, na mimi nikiwemo. Alipokuwa anaingia, yule wa Uroa akamsomea mstari mmoja wa mapigo wenye kona nyingi. Mzee akausikiliza hadi mwisho, mkono juu ya mlango.

"Umeuharibu katikati," akasema. "Rudia."

Akarudia, gari inasubiri.