Gauni Lililotaka Kuuza Nyumba

Duka lililofungwa muda mrefu lina harufu yake: vumbi, panya, na magunia ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, yaliyosahauliwa pembeni. Leo nikipita mahali mlango wa namna hiyo unafunguliwa, nasimama kidogo nivute pumzi, na watoto wangu wananicheka.

Nilipokuwa darasa la pili, mtaa wetu wa Kimanga ulijaa milango hiyo. Wenye maduka walikuwa wamekimbia vita, wakavuka hadi Burundi, na wengi hawakurudi. Mama alishonea kwenye baraza za watu. Mvua ikianza, tunakimbia tumebeba cherehani. Ndipo Koko Nabintu, bibi mmoja mjane wa mtaa wa Rugenge, akampa mlango wake wa duka bila kodi.

"Ukuwe unafungua kila asubui, unafagia," alimwambia. "Nyumba yenye kufungwa inakufaka."

Siku ile Mama alipiga pasi huku akiimba. Sikuwa nimemwona na furaha vile.

Ukutani, upande wa nje, kulikuwa na maandishi mekundu ya Kifaransa, yale ambayo kwetu huandikwa mtu akiogopa ndugu wasije wakaiuza nyumba kwa siri: MAISON À NE PAS VENDRE, nyumba isiyouzwa. Katikati palikuwa na msumari. Mimi na kiherehere changu nikatundika hapo gauni jeupe la komunyo, wapita njia waone Mama anajua kazi. Gauni likafunika NE PAS. Ikabaki MAISON À VENDRE, nyumba inauzwa, na mimi niliyejisifu kwa kusoma sikuona kitu.

Kabla ya saa sita wanaume wawili walikuja kuuliza bei. Mama, akidhani ni bei ya gauni, aliwajibu kwa tabasamu, "Tutasikilizana tu, baba."

Habari ilifika Rugenge mbio kuliko pikipiki. Koko akaja, kitenge kimefungwa upande.

"Mama Riziki, ni weye unauzisha nyumba yangu? Ao ni batoto yangu balikutuma?"

Mama akaanza kukunja vitambaa. Nikalia. Tulikuwa tunarudi kwenye mvua, na kosa lilikuwa langu.

Koko akatoka nje. Akatazama ukuta, akainua pindo la gauni, akaliachia, akaliinua tena. Akacheka hadi akakaa kizingitini, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kicheko yote.

"Minye niliandika kwa sababu ya batoto yangu," akasema. "Banasema nyumba iko bure, haina muntu, tuiuzishe. Mama Riziki, shona. Basikie muntu iko."

Miaka mingi niliamini Koko alituonea huruma. Nimekuwa mtu mzima ndipo nimeelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiomba, kwa namna ya mtu asiyezoea kuomba. Mama alimwelewa siku ileile. Siku ambazo hakukuwa na mteja, nilimkuta akikanyaga cherehani bila uzi wala kitambaa, mlango wazi, nami nikidhani anacheza.