Vijiti Makumi Mbili Kichwa Chini

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, muke wangu Séraphine alinituma kupanda. Mvua ilikuwa imeanza huku Lusangi. Alikata vijiti makumi mbili kutoka mti wake, akanipa, akarudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo. Nikapanda. Kisha nikakaa kungojea chai kama mutu aliyefanya kazi.

Akaja kuangalia. Kijiti cha kwanza, cha pili, mpaka mwisho wa mustari. Akakaa chini katika udongo na kikwembe chake safi, akacheka mpaka kuku wakakimbia. Vyote nilivipanda kichwa chini. Akasema Jumapili atanionyesha. Alisema na neno lingine, nitalifikia.

Ule mti, watu wa Kivu wanauita mubirizi. Sisi tunasema majani ya uchungu tu. Unaota wenyewe katika mashamba ya zamani na pembeni ya njia ya Kabambare. Maua yake ni madogo, meupe, kama burashi. Unaukata, unarudi. Séraphine aliutoa njiani siku alipokuja kwangu, akaubeba juu ya mizigo yake ya arusi. Mama yangu aliuliza kama kwao hakuna sufuria.

Majani aliyaosha mara tatu na chumvi, akayapika na karanga, hapo yanakulika. Ya homa aliyaponda mabichi, kikombe kizima. Kama yanaponya, sijui. Ninajua kwetu hakuna mutoto aliyesingizia ugonjwa mara mbili. Hata mimi, siku moja ya kulima mugongo uliniuma. Niliona kikombe kinakuja, ukapona kabla hakijafika. Wachimbaji wa dhahabu, watu wakali, walikunywa mbele yake macho yamefumbwa, na aliyetema aliongezewa.

Jumapili haikufika. Moyo wake ulisimama akichambua maharagi.

Makaburini nilisimamisha wanaume waliobeba sanduku, nikauliza kichwa iko upande gani. Fidèle, bwana ya binti yetu Falone, akasema, Baba, iko huku. Nikauliza tena. Nikauliza mara ya tatu. Wakaangaliana. Walifikiri kilio kimenipanda kichwani.

Kisha wageni wa matanga wakajaa, viti vikakosa nafasi. Fidèle akashika jembe, akang'oa mti wa Séraphine na mizizi yote. Alifikiri ni pori. Wakaupasua kuni, wakapikia bugali ya wageni, na mimi nilikula.

Vikabaki vijiti vyangu. Vikikauka, mti wake umekwisha. Fidèle alisema ataniletea mingine kutoka njiani, hata kumi. Nikamwambia ile haikubebwa na mutu.

Nikaving'oa haraka nivigeuze, nikavitupa rundo moja. Hapo nikaelewa ujinga wangu. Kijiti bila jani, chini yake ni wapi? Falone akasema tupande kumi hivi, kumi hivi. Safia, jirani, akasema tuvilaze, vichague vyenyewe. Nikakataa. Nikakaa mulangoni siku nzima, nikipitisha kidole. Mwisho nikaona: pale jani lilipoanguka kuna kovu, na juu ya kovu kuna jicho dogo. Juu, kila mara. Nikapanda kimoja kimoja, macho mawili ndani ya udongo, moja nje, kijiti kikilala kidogo, kama alivyofanya Séraphine. Kila kimoja nilimwonyesha Falone kwanza. Kwa cha kumi na tano akaniacha, akaenda kupika.

Wiki mbili, hakuna kitu. Fidèle alikuja na jogoo kuomba musamaha. Nikapokea jogoo.

Wiki ya tatu, kijiti cha ine kikatoa jani moja, kama sikio la panya, likiangalia juu. Nikakata kipande, nikatafuna. Uchungu uleule. Falone akaona machozi, akasema niteme. Nikamwambia ni jani linafanya hivyo.

Mwezi ulipoisha, kumi na saba vilikuwa na majani. Vitatu katika hivyo nilivihamisha kaburini, nikavipanda upande wa kichwa. Siku hiyo sikuuliza mutu.

Lile neno, Séraphine alilisema asubuhi ile akiwa bado amekaa katika udongo, akipangusa macho na kikwembe:

"Baba Falone, siku nikikufa, mutu mwingine anizike. Wewe utanipanda kichwa chini."