Faili la Mama Kanyere

Maitre Sebahire alikuwa na haki. Hakuna aliyewahi kumbishia hilo.

Kwa miaka minne alimtetea Mama Kanyere, mjane muuza maharagwe wa mtaa wa Birere, Goma, dhidi ya mtu aliyemnyang'anya kiwanja chake Mabanga. Alisimama mahakamani mara kumi na tisa. Malipo yangekuja kesi ikiisha. Kisha, mwishoni mwa 2012, waasi, wengi wao wasemaji wa Kinyarwanda, wakaingia Goma. Walipoondoka, watu wakaanza kusikilizana lafudhi. Majirani wakamnong'oneza Kanyere: wakili wako na adui yako wote wanasema Kinyarwanda nyumbani.

Kanyere akamletea Sebahire barua ya mistari mitatu ya kumwachisha kesi.

"Maitre, mimi sina neno na weye. Ni watu ndio wanasema."

"Na weye, mama, unasema nini?"

"Mimi naogopa."

Wakili mpya, Maitre Lucie, alimfuata Sebahire ofisini siku ya Ijumaa. Desturi yao inamkataza wakili kupokea faili kabla ya kumuuliza mwenzake aliyeachishwa kama amelipwa.

"Umelipwa, Maitre?"

"Unaona viatu hivi, halafu unaniuliza?"

"Basi sema ndiyo tu. Kesi ni Jumanne. Feza utadai nyuma, kesi ikiisha."

"Nikisema nimelipwa, nyuma nitadai nini?"

Sebahire alikuwa na deni la kodi ya miezi mitatu, na ndugu kumi na mmoja wa mke wake, waliokimbia Rutshuru, wakilala sebuleni. Lakini si hao waliomzuia kusema ndiyo. "Angenifukuza kwa uvivu," alisema baadaye, "ningetoa faili siku ile ile. Alinifukuza kwa lugha ya mama yangu."

Akaandika: sijalipwa. Faili likapelekwa kwa batonie, mkuu wa mawakili, anayeamua ugomvi wa malipo. Jumanne, Lucie akiwa bado hajaruhusiwa kulipokea, Kanyere alisimama mbele ya jaji peke yake, bila karatasi hata moja. Kiwanja kikaenda.

Wiki tatu baadaye batonie akaamua: Sebahire alipwe dola mia nane kwa kazi aliyoifanya. Sebahire mwenyewe akaipeleka hukumu Birere.

Kanyere aliitazama mihuri.

"Nilitaka kuuza kipande cha kiwanja, nikulipe. Sasa niuze nini, muzee?"

Mjane akapima makopo manne ya maharagwe, akayasukuma mbele yake. Sebahire hakuja na mfuko. Alivua koti, akayafunga humo, akaondoka nayo.