Nilivyomwokoa Mwanamitindo wa Lurambi

Juzi niliitwa kupika ingokho, kuku wetu wa Kiluhya, kwenye lile jumba la kifahari la Lurambi, ambako wanamitindo kutoka Nairobi walikuwa wamekuja kupumzika. Nilipowapelekea kuku wao kando ya bwawa la kuogelea, nilishtuka nusura niangushe sinia. Msichana mmoja alikuwa anaelea chali, macho ameyafumba, nywele zimetapakaa majini. Nikamwita. Kimya.

"Yesu wangu, amekufa!"

Nikajirusha na aproni yangu, mimi nisiyejua kuogelea. Nikameza maji, nikapiga mayowe, nikajua leo nazikwa. Mara mkono ukanishika begani. Alikuwa yule yule marehemu.

"Mama, simama tu," akaniambia kwa upole.

Nikasimama. Maji yalinifika mapajani, na wenzake wote walikuwa wamenielekezea simu.