Mwaa wa Kumi na Nne

Kijiji kizima cha Bweni, aliyetaka mkeka wa harusi alimwendea Kidawa binti Zubery. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Ukili wake, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa mwembamba, rangi zake hazichuji, na maua yake yalilingana pande zote. Shule aliiachia darasa la nne. Hesabu zilimshinda, mwalimu alimchapa mbele ya wenzake, akamwambia kichwa chake kifuu kitupu. Tangu hapo, mtu akitaja hesabu, Kidawa alikuwa akibadili mazungumzo.

Basi asubuhi moja Hamdu, mwalimu wa sekondari, alipiga hodi, akavua viatu, akakaa barazani.

"Shikamoo bibi. Nakuomba uje darasani kwangu, kipindi cha hesabu."

"Marahaba. Kipindi cha nini?"

"Hesabu. Uje na ukili wako."

"Mwanangu, umekosea nyumba."

Dada yake Mize, aliyekuwa pembeni akishona mkeka, alicheka mpaka sindano ikamchoma. "Nenda bwana. Wakikucheka, utarudi."

Akaenda. Wanafunzi walimzunguka, naye akaanza kusuka bila hata kuitazama mikono yake.

"Huo ni wa miaa mingapi, bibi?" aliuliza msichana mmoja, Thuwaiba, akizigusa zile chane za ukindu.

"Kumi na tatu. Nikitaka mpana, kumi na tano, au kumi na saba."

"Mbona zote witiri? Kwa nini si kumi na nne?"

Kidawa aliinamia mikono yake. Mama yake alimfundisha kwa kumshika vidole. Namba hakuitaja hata siku moja.

"Sijui. Haiwi tu."

"Hiyo ndiyo hesabu yenyewe!" alisema Hamdu kwa furaha, akajaza ubao mistari na mishale. Kidawa aliitazama michoro ile kwa makini. Ukili wake hakuuona popote.

Nyumbani, mambo yakaharibika. Kila alipokunja mwaa alijikuta akihesabu: huu juu, huu chini, wa ngapi huu? Akafumua mara tatu. Kisha akajaribu miaa kumi na minne. Ukingo wa kulia mwaa ulipita juu, wa kushoto ukapita chini, na ua likaenda upande. Akafumua tena. Mkeka wa Nasma, aliyekuwa akiolewa mwezi ule, ulibaki nusu.

"Una nini wewe?" aliuliza Mize.

"Nimeambiwa najua hesabu."

"Haya, na kisha?"

"Kisha sijui tena kusuka."

Kesho yake alimfuata Hamdu shuleni. "Mwalimu, kama hii ndiyo hesabu, mimi nilichapwa kwa nini?"

Hamdu alipangusa chaki mikononi. "Sijui, bibi."

"Basi nifundishe ile iliyonishinda. Nusu jumlisha theluthi."

Hamdu akapanga miaa sita mezani. Nusu yake, mitatu. Theluthi yake, miwili. "Jumla?"

"Mitano."

"Mitano kati ya sita."

"Na huu mmoja umekosa nini?"

Hamdu akaeleza upya, na tena, mpaka naye akajichanganya. Mwisho akachukua miaa ajaribu kusuka, ikafungamana vidoleni mwake kama nyavu. Kidawa akacheka, akamshika vidole, akamwonyesha.

Jioni ile alikaa na Mize wakisema habari za watu, na alipotazama chini, ukili ulikuwa umeongezeka pima nzima. Mkeka wa Nasma ulifika siku mbili kabla ya harusi.

Sasa huenda shuleni kila Jumatano. Kwanza anafundisha yeye, halafu anakaa nyuma, dawati moja na Thuwaiba, anasikiliza. Herufi zikianza kuingia katikati ya namba, hupotea kabisa. Wiki iliyopita alinyoosha mkono aulize, na alipopewa nafasi swali lenyewe likawa limemtoka. Darasa likacheka, naye akacheka, mkono wake ungali juu.