Kijiti Katikati ya Meno

Enzi zetu, kabla simu haijajua kumusemea mutu, Kirusi tulikitafuta kwa kijiti. Sifanyi muchezo. Yaya Amisi, kaka mukubwa wa mutaa wetu, alikuwa amerudi Kasongo kutoka kusoma Urusi, na kofia yake ya manyoya aliivaa hata saa sita ya jua, jasho likimutiririka mupaka kidevuni. Nyuma ya nyumba yao alitukalisha mimi na rafiki yangu Zaituni juu ya mukeka, akatuambia: atakayetamka vizuri, atamuandikia barua kwa walimu wake wa kule, apate nafasi ya kusoma. Mumoja tu.

Kwa ile sauti yao isiyo i wala u, alitubanisha kijiti cha muhogo katikati ya meno, ulimi urudi nyuma. Mate yalilowesha blauzi zetu za masomo. Hapo nilimushinda Zaituni, na nilihakikisha anajua.

Halafu likaja neno la mukate: khleb. Zaituni, mutoto wa chuo cha Kurani, ile kh alikuwa nayo tangu utotoni. Aliichota kooni kama maji mu mutungi wake. Mimi, mutoto wa kwaya ya misioni, nilitoa "kileb", kama kuku aliyekwamwa na punje. Wivu ukanila. Kila jioni nikajibanza nyuma ya ukuta wa chuo chao, nikikhakhamua pamoja na vitoto, mupaka mama akanisikia. Siku tatu alininywesha majani machungu ya kikohozi, na ugonjwa wangu aliujua vizuri sana.

"Koo ya mwenzio haiazimwi, mama," aliniambia. "Kunywa."

Kh haikunitoka mupaka mwisho, barua ikaenda na jina la Zaituni. Alipopanda pikipiki kushika njia ya Kabambare, mwanzo wa safari yake ya Urusi, nilimupungia mukono huku nikiomba iharibike njiani, kule Lusangi. Njia ile huharibu pikipiki zote, isipokuwa ile niliyoiombea.

Leo watoto wangu wanabonyeza simu, mwanamuke aliye ndani yake anawatamkia, wanarudilia mara moja, basi, wamekuwa Warusi. Hakuna aliyelowesha hata kola.

Juzi Zaituni alinitumia sauti kutoka kule: "Dada, nisemee ile yetu ya kijiti. Mupaka leo huku wananicheka."

Niliacha mboga ya sombe motoni, nikatafuta kijiti. Ikatoka safi, kama siku ile ya mukeka. Urusi yote anayo yeye. Sauti iko kwangu, hapa Kasongo, ambako sijaondoka. Nilimutumia mara moja tu. Akiitaka tena, aje.